Kipoza cha Kiborloni

Muuzaji hakujua anauza nini.
"Radieta ya pikipiki," alisema, Jumamosi ile Kiborloni,
amekiweka kati ya pasi na viatu vya mpira visivyo na wenzake:
minara miwili ya bati jembamba kama kurasa,
mabomba sita ya shaba, feni mbili, uzito wa tofali.
Elfu ishirini. Nikatoa kumi na saba
na uso nikaukaza usije ukanisaliti.

Nyumbani, Soweto, mashine yangu ilikuwa mgonjwa wa Desemba.
Desemba Moshi hujaa: wa Dar, wa Mwanza, wa ng'ambo,
harusi Ijumaa, kipaimara Jumapili,
na katikati mazishi, nayo yanataka video.
Kila nilipoipika ile ya Bibi Ndeonasia wa Kibosho
feni ndogo ilinguruma kama mashine ya kusaga,
nyuzi tisini na tano, tisini na nane,
kisha kioo cheusi. Daima pale pale:
jeneza linapita mgomba wa mwisho,
kwaya inavuta pumzi,
giza.
Mara nne nilimwacha bibi wa watu njiani.

Elisaria, mdogo wangu, alishika tochi ya simu.
Tukailaza mashine ubavu juu ya meza ya chakula,
tukang'oa kipoza cha zamani; dawa yake
ilikuwa imekauka, imekuwa chokaa.
Nikafuta kwa spiriti na kipande cha kanga
mpaka prosesa ikang'aa, ndogo kama biskuti.
Hii ndiyo inayotutoa jasho?
Dawa mpya: punje moja ya mchele wa Mabogini, si zaidi.
Skrubu kwa mshazari, kama nati za gurudumu,
huku kidogo, kule kidogo.
Feni ya mbele ikagombana na memori,
tukaipandisha kidole kimoja.
Mfuniko wa ubavu ukakataa kufunga.
"Mwache," akasema Elisaria, "akae matumbo nje."

Tukawasha.
Sabini. Tisini. Mia.
Ikazima jeneza likiwa bado mlangoni.

Sikusema kitu. Elisaria alianza kukagua kucha zake.
Nikalegeza skrubu zote nne, nikakigeuza,
na pale chini, juu ya shaba,
nailoni angavu kama ngozi ya kitunguu,
yenye maandishi mekundu ya lugha tatu nisizozijua
yakisema jambo ambalo ukucha ulilielewa mara moja:
nibandue.
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Punje nyingine ya mchele.

Ndani ya kila bomba, nasikia, mna matone machache tu.
Joto likiyagusa yanakuwa mvuke, yanapanda kwenye bati,
yanapoa, yanarudi chini kuchukua mzigo mwingine.
Nikaukumbuka mfongo wetu kule Uru,
mama akiamka saa tisa usiku, zamu yetu ya maji,
anazibua kwa jembe, anakaa kitako kwenye ukingo,
anayasikiliza yakiingia kihambani
kabla hajayaona.

Nyuzi hamsini na nane.
Upepo wa mlimani uliingia dirishani bila kuombwa.
Jeneza likapita mgomba wa mwisho,
kwaya ikaimba,
na kwa kuwa chumba sasa kilikuwa kimya,
kimya ambacho sijawahi kufanyia kazi,
nikasikia nilichokirekodi mwenyewe nisikijue:
nyuma ya sauti ya nne, mtoto anauliza,
"Kesho kuku wake atawafungulia nani?"
Hakuna anayemjibu.

Wateja hupenda sauti safi.
Nilipeleka mkono kwenye kile kitelezi, nikaushusha.
Saa kumi kasoro video ikaiva, nzima.
Elisaria alikuwa amelala kwenye kiti,
tochi bado inawaka, inamulika dari.